Kipanga anapoikimbia hisabati

Wazazi wengi tukijaaliwa mtoto mwepesi wa kushika, tunamshukuru Mola, tunamwita kipanga, kisha tunamwacha. Nguvu zote tunazipeleka kwa wale wazito. Hapo ndipo tunapokosea.

Mtoto huyu tangu darasa la kwanza amezoea kupata jibu kabla mwalimu hajamaliza kuandika swali ubaoni. Imemkaa kichwani kuwa mwenye akili hahangaiki. Akifika sekondari na kukutana na swali la aljebra lisilojibika kwa dakika moja, hasemi swali ni gumu, anasema kumbe mimi sina akili. Mwenzake aliyezoea kupata alama 40 hashtuki, anafuta na kuanza upya. Kipanga anafunga daftari. Ukimuuliza, atakwambia anapenda masomo ya sanaa. Wapo wanaoyapenda kweli, lakini wapo wanaolinda jina tu.

Maryam Mirzakhani, aliyezaliwa Tehran mwaka 1977, alisoma shule ya wasichana wenye vipaji. Mwaka wake wa kwanza pale hisabati ilimshinda, mwalimu akaona hana kipaji nayo, naye hamu ikamwisha. Mwaka uliofuata akapata mwalimu mwingine, akamtia moyo. Mwaka 1994 na 1995 alipata medali za dhahabu katika mashindano ya kimataifa ya hisabati ya wanafunzi, na mwaka 2014 akawa mwanamke wa kwanza kutunukiwa Medali ya Fields. Alifariki mwaka 2017 akiwa na miaka 40. Mwenyewe alikuwa akisema kwamba hufikiri polepole. Polepole! Sisi tunawapigia makofi wanaowahi kunyoosha mkono.

Na tusidhani aljebra ni ya wengine. Al-Khwarizmi, aliyeiandikia kitabu huko Baghdad katika karne ya 9, sehemu kubwa ya kitabu hicho aliitumia kwa hesabu za mirathi na wasia.

Basi mjaribu kipanga wako kwa hesabu hiyo hiyo. Mwanamke amefariki, hana mtoto, wazazi wala kaka. Ameacha mume, dada wawili wa baba na mama mmoja, na shilingi milioni 42. Fungu la mume ni nusu, la dada wawili ni theluthi mbili. Nusu ni sudusi tatu, theluthi mbili ni sudusi nne. Jumla sudusi saba, na mali ina sita tu! Kipanga atakwambia haraka kuwa swali limekosewa.

Halikukosewa. Suala la namna hii lilitokea zama za Sayyidna Umar (RA), akashauriana na Masahaba, wakagawa kwa 'aul: mafungu yakawa saba badala ya sita, kila mmoja akapungukiwa kwa kiasi cha haki yake. Mume anapata milioni 18, kila dada milioni 12.

Lakini wewe mzazi usimwambie hayo. Mpe karatasi baada ya Maghrib, mwache nalo, hata likilala mpaka kesho. Akija na jibu baya, muulize amefikaje hapo, umsikilize mpaka amalize.