Kisiki Katika Nchi Kavu: Somo la Ngitili

Masomo: Mwanzo 2:8–15, Ayubu 14:7–12



Mwezi huu twajifunza habari ya bustani. Wengi wakilisikia neno hilo hufikiri maua mbele ya nyumba ya mchungaji, au michungwa iliyopandwa kwa mistari. Lakini tukisoma Mwanzo kwa uangalifu, twaona ya kuwa bustani ya kwanza haikupandwa na mtu. Mungu ndiye aliyeipanda. Mtu aliwekwa ndani yake baadaye, akapewa kazi mbili, kulima na kutunza. Ya kwanza sisi watu wa Shinyanga na Geita twaijua sana. Ya pili twaisahau mara nyingi.

1. Jinsi nchi ilivyovuliwa miti

Wazee wetu waliikuta nchi hii ina migunga, mikwaju, mininga na mipingo. Tangu miaka ya 1920 serikali ya Waingereza iliwaita watu kwa maelfu kufyeka pori, ili kumwondoa mbung'o auaye ng'ombe. Haja hiyo ilikuwa ya kweli. Baadaye mashamba ya pamba yakapanuka, mifugo ikaongezeka, kuni zikakatwa. Tena watu walipohamishiwa vijijini katika miaka ya 1974 na 1975, wengi wakayaacha malisho waliyokuwa wakiyatunza. Hapana aliyekusudia kuiharibu nchi. Kila mmoja alikuwa na sababu njema ya mti wake mmoja. Na sababu njema nyingi zilipokusanyika, zikazaa uwanda mtupu wenye makorongo.

2. Ngitili ni nini?

Wasukuma tangu zamani walitenga sehemu ya malisho, wakaifunga mvua zinapoanza, mnyama asiingie. Majani yakakua, yakakauka yakiwa yamesimama. Kiangazi kilipokuwa kikali, ndipo wakaifungua kwa ndama, na ng'ombe wazee na wadhaifu. Hiyo ndiyo ngitili. Nyingine ni ya mtu na nyumba yake, nyingine ni ya kijiji kizima.

Mwaka 1986 serikali ilianzisha kazi ya Hifadhi Ardhi Shinyanga, iliyojulikana kwa jina la HASHI. Mkoa wa Shinyanga wa siku zile ulikuwa mkubwa kuliko wa leo. Hapo kwanza miche ya miti ya kigeni ilipandwa sana. Hata baadaye wataalamu wakajifunza kwa wenyeji, wakaona ya kuwa njia iliyo bora ni kuirudisha ngitili. Mwanzoni zilijulikana hekta 600 hivi tu. Kazi ilipokwisha mwaka 2004, hekta zisizopungua 300,000 zilikuwa zimerudi, katika vijiji 833. Ndani yake zikaonekana aina zaidi ya 150 za miti, vichaka na mimea itambaayo. Zikarudi na kuni, dawa, asali, matunda ya porini na majani ya kuezekea. Walinzi hawakuwa askari wenye bunduki. Mkutano wa wenyeji, uitwao dagashida, ndio uliotoa amri, na aliyezivunja alitozwa faini.

3. Mti ulitoka wapi?

Hapa yafaa tumsikilize Ayubu. Asema ya kuwa mti uliokatwa una tumaini. Kisiki chake kijapokuwa kizee udongoni, kikipata harufu ya maji huchipuka. Ndivyo ilivyo kwetu. Uwanda ulionekana umekufa, lakini mizizi ilikuwa hai chini. Kila mwaka ilitoa machipukizi, na kila mwaka mbuzi, moto na jembe viliyamaliza. Haikuhitaji kupandwa, ilihitaji kuachwa.

Nami naungama kosa langu. Katika usharika niliotumika zamani, tuling'oa visiki vya migunga uwanjani pa kanisa, tukapanda mikaratusi ili pawe na sura nzuri. Kiangazi cha kwanza miche karibu yote ilikauka. Kwenye mpaka vilibaki visiki vichache ambavyo kwa uvivu hatukuving'oa. Leo watu huketi chini ya kivuli chake wakingoja ibada. Nilidhani nalima, kumbe sikutunza.

Hata wenye elimu kubwa wamejifunza hivyo. Katika milima ya Usambara, pale Amani, Wajerumani walianzisha mwaka 1902 bustani ya kujaribia mimea ya nchi nyingi. Mojawapo ya miti iliyopelekwa huko ni msizi, ambao kwao ni nchi za Ziwa, hata Bukoba jirani zetu. Huko Usambara ukatoka bustanini, ukaenea ndani ya msitu wa asili ukisukuma miti ya pale. Mti uliokuwa mwema kwao ulikuwa mzigo ugenini.

4. Shoka la leo

Ngitili zina adui wapya. Baba akifa, wana hugawana, na kipande kidogo hulimwa chote. Tena huko Geita mashimo ya dhahabu yanahitaji magogo ya kuegemeza kuta, yaitwayo matimba. Tusiwahukumu wachimbaji upesi; shimo lisilo na matimba huwazika ndugu zetu. Lakini mwenye ngitili aiuzaye yote kwa msimu mmoja amewauza na ndama wa miaka ijayo. Hapo ndipo mkaratusi una kazi yake: upandwe shambani, mbali na chemchemi, ukatwe kwa matimba, ili mgunga na mninga vipone.

Ayubu aliliona tumaini la kisiki, asilione la mwanadamu afaye. Sisi tumesikia habari ya kaburi lililo wazi. Basi, je, tuliopewa tumaini kubwa tutalinyima nchi tumaini dogo?

Maswali ya kuzungumza

1. Katika kijiji chenu, ni visiki gani vichipukavyo kila mwaka? Ni nini kinachovimaliza?
2. Wana wanne wamerithi ngitili moja. Wafanyeje ili isife?
3. Uwanja wa kanisa lenu una miti gani ya asili? Nani amepewa kazi ya kuitunza?

Kazi ya mwezi: chagueni kisiki kimoja kilicho hai. Acheni machipukizi mawili au matatu yenye nguvu, kateni mengine, kisha kizungushieni miiba ili mbuzi wasifike.