Kuipima Shule ya Msingi ya Serikali: Somo kwa Mzazi wa Mbezi Luis

Kila mwaka unapokaribia kwisha, shule za msingi za Serikali hubandika matangazo ya kuandikisha watoto watakaoanza Elimu ya Awali na Darasa la Kwanza mwezi Januari. Kwa mzazi au mlezi anayeishi Mbezi Luis, tangazo hilo huleta swali zito. Makazi yameongezeka Makabe, Msakuzi na Malamba Mawili, Barabara ya Morogoro imepanuliwa, na tangu Februari 2021 Kituo cha Mabasi cha Magufuli kimeleta watu na biashara nyingi. Pembezoni mwa barabara vimejaa vibao vya shule binafsi zinazofundisha kwa Kiingereza. Mzazi asiyemudu ada zake huambiwa kwamba hana la kuchagua wala la kuuliza: ampeleke mtoto shule ya Serikali iliyo karibu, kisha amwombee.

Kauli hiyo si sahihi. Shule ya Serikali ni huduma inayogharamiwa kwa kodi, na anayeitumia ana haki ya kujua anachopata. Katika somo hili tunaeleza namna ya kuipima shule hiyo kabla ya kumwandikisha mtoto na hata baada ya kumwandikisha. Vipimo ni vingi, lakini kimoja tunakiweka juu ya vingine vyote: tazama shule inamfanyia nini mtoto aliyebaki nyuma. Mtoto mwepesi wa kuelewa atasoma karibu popote. Ubora wa shule hudhihirika kwa yule anayehitaji kufundishwa mara ya pili.

1. Vipimo visivyopima

Tuanze kwa kuweka kando mambo yanayovutia macho. Ukuta uliopakwa rangi, sare zinazong'aa, lango jipya na watoto wanaoitikia salamu kwa sauti moja ni mambo mema, ila hayakuambii kama mtoto wa Darasa la Tatu anaweza kusoma aya moja na kueleza maana yake. Vivyo hivyo sifa ya kwamba mwalimu mkuu ni mkali. Ukali huweza kuleta ukimya darasani, na ukimya si dalili ya kujifunza.

2. Hesabu za awali

Serikali imeweka viwango vinavyofahamika. Katika shule ya msingi, mwalimu mmoja anatakiwa awe na wanafunzi 45, na katika darasa la awali watoto 25. Tundu moja la choo linatakiwa kutumiwa na wasichana 20 au wavulana 25. Mzazi anaweza kufanya hesabu mwenyewe. Shule yenye wanafunzi 1,800, nusu yao wasichana, inahitaji walimu 40, matundu 45 ya wasichana na 36 ya wavulana. Ikiwa walimu ni 30, kila mmoja anabeba wanafunzi 60.

Shule nyingi za jiji hazifikii viwango hivi, kwa hiyo upungufu peke yake hautakuonyesha tofauti kati ya shule moja na nyingine. Uliza namna upungufu huo unavyogawanywa. Darasa la Kwanza lina mikondo mingapi, na kila mkondo una watoto wangapi? Zipo shule zinazopeleka walimu wake hodari katika madarasa ya mtihani na kuwaachia watoto wadogo msongamano. Shule inayojua kazi yake humweka mwalimu mzuri pale kusoma kunapoanzia. Kama shule inasoma kwa zamu mbili, uliza pia kila zamu inapata saa ngapi za masomo kwa siku.

3. Kuyasoma matokeo ya mtihani

Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA) huweka katika tovuti yake matokeo ya kila shule, ya Upimaji wa Kitaifa wa Darasa la Nne na ya Mtihani wa Kumaliza Elimu ya Msingi. Tangu mwaka 2023 Baraza liliacha kutangaza orodha ya shule bora kitaifa, hivyo mzazi hana budi kuyasoma matokeo hayo mwenyewe. Mtihani wa Darasa la Saba una masomo sita yenye alama 50 kila moja, na wastani wa shule hutolewa kati ya alama 300. Mwenye alama 241 hadi 300 hupata daraja A, 181 hadi 240 daraja B, na 121 hadi 180 daraja C.

Wastani unaweza kumpotosha msomaji mwenye haraka. Tuchukue mfano wa kubuni. Shule ya kwanza ina watahiniwa 80 na wastani wa 190. Ya pili ina watahiniwa 240 na wastani wa 170. Wengi wataichagua ya kwanza. Lakini rudi nyuma miaka mitatu, uone kila shule ilikuwa na wanafunzi wangapi katika Darasa la Nne. Ikiwa ya kwanza ilikuwa na 130 na ya pili 245, basi shule ya kwanza imepoteza watoto 50 njiani, na ya pili watano tu. Huenda wengine walihama kwa sababu za kawaida. Huenda pia waliokuwa nyuma walikatishwa tamaa wakaacha. Mwalimu mkuu anapaswa kuweza kueleza.

Hatua ya pili ni kutazama somo mojamoja, hasa Hisabati na Kiingereza, ambamo udhaifu huweza kufichwa na alama nzuri za Kiswahili. Hatua ya tatu ni kulinganisha miaka mitatu mfululizo, kwa kuwa mwaka mmoja mzuri huweza kuletwa na kundi moja zuri. Na kuna tahadhari. Mtaala mpya ulianza kutumika Januari 2024 katika Elimu ya Awali, Darasa la Kwanza na la Tatu, na chini yake elimu ya msingi ni ya miaka sita. Walioanza Darasa la Tatu mwaka huo wanatarajiwa kumaliza Darasa la Sita mwaka 2027, pamoja na kundi la mwisho la Darasa la Saba. Matokeo ya mwaka huo hayatalinganishwa kirahisi na ya nyuma.

4. Saa moja shuleni

Omba ruhusa kwa mwalimu mkuu, ufike asubuhi ya siku ya kawaida ya masomo, si siku ya mkutano wa wazazi. Usipige picha za watoto. Pita polepole kwenye korido na ujiulize mambo manne. Je, madarasa yote yana walimu, au kuna darasa linaloongozwa na kiranja? Je, vitabu vya Taasisi ya Elimu Tanzania (TET) vimo mikononi mwa watoto, au vimefungiwa stoo visichakae? Je, mwalimu anawauliza watoto wa nyuma, au maswali yanaishia safu mbili za mbele? Na je, mtoto akikosea hupewa nafasi ya kujaribu tena, au huchekwa?

Tazama pia fimbo ilipo. Kanuni za mwaka 2002 zinamruhusu mwalimu mkuu, au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, kutoa adhabu ya viboko visivyozidi vinne, na kila adhabu lazima iandikwe katika kitabu maalumu. Mwalimu anayezunguka darasani na fimbo na kumchapa mtoto kwa kukosa jibu la hesabu yuko nje ya kanuni hizo. Hofu ya namna hiyo humfundisha mtoto kunyamaza, na mtoto anayenyamaza ndiye anayebaki nyuma bila mtu kujua.

5. Daftari halifichi

Ushahidi ulio bora mno uko nyumbani kwa jirani yako. Muombe mzazi mwenye mtoto katika shule unayoifikiria akuonyeshe daftari la mtoto wake, hasa la Hisabati au Kiswahili. Anza na tarehe: je, kuna kazi karibu kila siku, au kurasa zinaruka wiki nzima? Kisha kalamu nyekundu: je, kazi zimesahihishwa, na je, alama ya vema imewekwa penye jibu sahihi kweli? Mwisho, tafuta masahihisho: je, mtoto aliyekosa amerudia hesabu ile mpaka akaipata? Mwalimu mwenye watoto 90 atachelewa kusahihisha, na tusimlaumu kwa hilo. Lakini daftari lenye makosa yaleyale kuanzia Februari hadi Juni linasema kwamba hakuna aliyeyaona.

Kama mtoto wako ameshaanza shule, mpime mwenyewe. Chukua kitabu cha Kiswahili cha Darasa la Pili, ambavyo TET huviweka pia katika maktaba yake ya mtandao, na umpe mtoto wa Darasa la Tatu asome hadithi fupi kwa sauti, kisha akueleze imehusu nini. Mpango wa Uwezo, chini ya Twaweza, ulianza kuwapima watoto majumbani kwa njia ya namna hii mwaka 2010, na ukabaini kwamba watoto wengi wa Darasa la Tatu hawakuweza kusoma hadithi ya Darasa la Pili. Watoto hao walikuwa wameandikishwa shuleni.

Mtoto wako akishindwa, usimkaripie. Nenda kwa mwalimu wa darasa ukaulize swali moja: shule ina utaratibu gani kwa watoto wasiojua kusoma? Jibu zuri lina siku, saa na jina la mwalimu anayehusika. Jibu la kwamba ataelewa tu akikua ni dalili ya hatari. Mtoto anayefika Darasa la Nne bila kusoma hukosa masomo yote kwa pamoja, kwa sababu yote yameandikwa.

6. Fedha na michango

Kwa Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015, elimumsingi ilianza kutolewa bila ada kuanzia Januari 2016. Ruzuku ya uendeshaji ilipangwa kuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka: shilingi 6,000 zinazofika shuleni na 4,000 za vitabu. Kwa shule yetu ya mfano yenye wanafunzi 1,800, sehemu ya shule ni shilingi 10,800,000 kwa mwaka, sawa na 900,000 kwa mwezi. Mapato na matumizi yanapaswa kuonekana kwenye ubao wa matangazo. Ubao mtupu ni jambo la kuulizia.

Mzazi anabaki na wajibu wa sare, daftari, kalamu, chakula na matibabu ya mtoto wake. Michango mingine ni ya hiari, nayo huamuliwa na wazazi na kupata kibali cha mamlaka husika. Mtoto hapaswi kurudishwa nyumbani kwa kukosa mchango. Uwe makini pia na masomo ya ziada ya kulipia: mada ya mtaala ikifundishwa vizuri kwa waliolipa tu, darasa la kawaida limeshadhoofika.

7. Njia ya kwenda na kurudi

Shule iliyo nzuri kidogo lakini iko ng'ambo ya Barabara ya Morogoro inaweza kuwa chaguo baya kwa mtoto wa miaka sita. Tembea njia hiyo mwenyewe saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Angalia anavukia wapi, nani anavuka naye, na kama akitegemea daladala atapokelewa au ataachwa kituoni. Mtoto anayefika amechoka na kuchelewa hupoteza somo la kwanza, ambalo mara nyingi ndilo Kusoma au Hisabati.

8. Wa kuuliza na pa kulalamikia

Tangu mwaka 2017, Uthibiti Ubora wa Shule, uliochukua nafasi ya ukaguzi wa zamani, huitazama shule katika maeneo sita: mafanikio ya wanafunzi, ufundishaji, mtaala, uongozi, mazingira na ushirikishwaji wa jamii. Muulize mwalimu mkuu au mjumbe wa kamati ya shule tathmini ya mwisho ilifanyika lini, ilipendekeza nini, na lipi limeshatekelezwa.

Ukiwa na lalamiko, anza na mwalimu wa darasa, kisha mwalimu mkuu, kisha kamati ya shule. Lisipotatuliwa, lipeleke kwa Afisa Elimu Kata, na hatimaye kwa Mkurugenzi wa Manispaa ya Ubungo kupitia ofisi ya elimu ya awali na msingi. Andika barua fupi yenye tarehe, ubaki na nakala.

Zoezi

Kabla ya kuandikisha, jibu maswali haya kwa maandishi kuhusu shule mbili zilizo karibu nawe:

(a) Mkondo mmoja wa Darasa la Kwanza una watoto wangapi?
(b) Waliokuwa Darasa la Nne wangapi walifika Darasa la Saba?
(c) Daftari ulilolitazama lina masahihisho?
(d) Nani anawafundisha wasiojua kusoma, na saa ngapi?
(e) Ubao wa matangazo unaonyesha fedha?
(f) Njia ni salama?

Ikiwa shule zote mbili zina mapungufu, chagua ile iliyokujibu swali la (d) bila kusita, kisha hudhuria mikutano yake. Shule ambayo wazazi wake huuliza maswali hayo kila muhula huanza kuwa na majibu.