Damu Chooni: Bawasiri, Saratani na Tumbo Lenye Kuchokozeka

Ndugu yetu mmoja mwenye duka huko Suam, mpakani mwa Kenya na Uganda chini ya Mlima Elgon, ametuletea suali ambalo twaona ni la watu wengi, ila wengi hulificha. Asema kuwa kwa muda wa miaka sita tumbo lake halina utulivu: mara humkata akahara, mara hufunga choo siku tatu, hujaa riyahi, na maumivu hupungua akishakwenda haja. Mwaka huu ameona damu nyekundu. Rafiki yake alimwambia ni bawasiri, akamnunulia dawa ya mizizi sokoni. Jirani yake, ambaye alimzika nduguye kwa saratani ya utumbo, alimwambia kuwa marehemu naye alianza vivyo hivyo. Tangu siku hiyo halali, na tumbo limezidi. Auliza: je, tumbo hili limegeuka kuwa saratani? Na sala zake zasihi?

Hapa yamechanganywa mambo matatu, na kila moja lina hukumu yake.

La kwanza ni tumbo lenyewe. Watu wetu wa pwani huita maumivu ya namna hii chango, neno moja likikusanya maradhi mengi. Madaktari wa leo wana jina la aina hii moja, na maana yake ni utumbo mwepesi kuchokozeka. Utumbo una mishipa yake ya fahamu, nayo yazungumza na ubongo usiku na mchana. Kwa watu wengine mazungumzo hayo huwa makali kupita kiasi: riyahi kidogo, ambayo mwengine haihisi, kwa huyu ni maumivu, khofu kidogo, na utumbo hukimbia au hukaza. Ukitazamwa kwa ndani hauna kidonda wala uvimbe. Kwa mujibu wa vipimo walivyoafikiana wataalamu mwaka 2016, maumivu yawe yameanza si chini ya miezi sita nyuma, na katika miezi mitatu ya mwisho yaje angalau siku moja kwa wiki, nayo yafungamane na kwenda haja au na kubadilika kwa choo. Maradhi haya yachosha, lakini hayageuki kuwa saratani, hata yakidumu miaka thalathini.

Lakini lipo neno moja ambalo twataka msomaji alishike: tumbo hili halitoi damu. Mwenye tumbo la kuchokozeka akiona damu, asiseme "ni lile tumbo langu". Damu hiyo ina mlango wake mwengine, na mlango huo lazima utafutwe.

Mara nyingi mlango huo ni bawasiri, na hapa ndipo jambo la pili. Kila mwanadamu ana vifuko laini vya mishipa ya damu karibu na tupu ya nyuma, ambavyo husaidia kuziba njia. Vikivimba na kushuka ndivyo tuviitavyo bawasiri. Huvimba kwa kujikamua chooni, kwa kukaa chooni muda mrefu, kwa mimba, na kwa kuhara kusikokoma. Basi si ajabu mtu ambaye leo afunga choo na kesho ahara akapata na bawasiri juu yake. Maradhi mawili hukutana katika mwili mmoja bila ya moja kuwa mzazi wa saratani. Bawasiri za ndani kwa kawaida hazina maumivu: damu nyekundu safi hudondoka baada ya choo, au huonekana wakati wa kustanji. Maumivu makali kama ya wembe wakati wa haja, khasa baada ya choo kigumu, mara nyingi ni mpasuko wa ngozi, wala si bawasiri. Nazo bawasiri, kama lile tumbo, hazigeuki kuwa saratani.

Na katika nchi zetu kuna milango mengine ambayo vitabu vya Ulaya huitaja kwa haraka: kuhara damu kwa amiba na vijidudu vinginevyo, na kichocho cha tumbo kwa aliyezoea kuoga au kuvua katika Ziwa Victoria. Haya hujulikana kwa kupima choo, na yana dawa.

La tatu ni saratani yenyewe. Saratani ya utumbo mpana aghalabu huanza na kinyama kidogo kiotacho ndani, kikakua polepole kwa miaka mingi kabla ya kuharibika. Ndiyo maana ikigunduliwa mapema hutibika, na kinyama kikikatwa kabla ya kuharibika huwa imezuiliwa. Zamani ilihesabiwa kuwa maradhi ya Wazungu. Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyefanya kazi Uganda tangu mwaka 1946 hadi miaka ya 1960, aliona kuwa watu wa mashamba waliokula nafaka zisizokobolewa hawakuwa wakiipata ila kwa nadra, na mwaka 1971 akaandika kuwa sababu ni chakula chenye makapi mengi. Wataalamu hawakukubali kila alilosema, lakini uzito wa makapi katika afya ya utumbo haukupingwa. Hali sasa imebadilika: saratani hii ni miongoni mwa tano zinazoonekana zaidi Kenya. Ajabu ni kuwa hata Trans Nzoia, ghala ya mahindi ya nchi nzima, unga mweupe uliochujwa ndio uonekanao kuwa wa heshima, na dona huonekana chakula cha asiye na uwezo.

Dalili za kutahadhari ni hizi: damu iliyochanganyika na choo chenyewe, choo kilichobadilika kwa wiki nyingi kinyume cha mazoea ya mtu, kukonda bila sababu, upungufu wa damu, maumivu au kuhara kunakomwamsha mtu usingizini, uvimbe tumboni, na mzazi au ndugu wa damu aliyepata saratani hii. Umri nao una neno lake. Marekani mwaka 2021 waliteremsha umri wa kuanza kupimwa, hata kwa asiye na dalili, kutoka miaka 50 hadi 45. Lakini kijana mwenye damu isiyokoma asiambiwe kuwa ni mdogo mno.

Sasa tumjibu ndugu yetu. Jirani amekosea kwa kumhukumu, na rafiki amekosea zaidi kwa kumtuliza. Khofu ya jirani yamtesa tu, ama dawa ya rafiki yaweza kumpotezea mwaka mzima ambao ndio wenye faida. Tusemapo hivi hatusemi kuwa ana saratani. Kwa sifa alizoeleza, bawasiri zaelekea zaidi. Lakini kuelekea si kujua, na kujua kwahitaji kutazamwa.

Na hapa ndipo watu wetu wanapokwama, kwa sababu ya haya. Mtu mzima mwenye ndevu zake ataona bora afe kuliko kuvua nguo mbele ya daktari kijana. Twamkumbusha Imran bin Husayn, sahaba mtukufu, ambaye alikuwa na bawasiri. Hakuzificha, bali alimwendea Mtume (s.a.w.) akamwuliza asali vipi, naye akaelekezwa kusali wima, asipoweza kitako, asipoweza kwa ubavu. Khabari hii imo katika Sahihi ya Bukhari, na kwa suali lake moja wagonjwa wa umma mzima wamepata nafuu.

Kwa sala zake: katika madhehebu yetu ya Shafi, damu itokayo njia ile hutengua udhu. Ikiwa hutoka na kukoma, ajitwaharishe atawadhe upya. Ikiwa haikatiki, ajioshe, ajifunge kitambaa, atawadhe baada ya wakati kuingia, asali faradhi yake mara moja bila ya kukawia. Na sala yake yasihi.

Kwa mwili wake: aanze Hospitali ya Kaunti ya Kitale, au Bungoma kama huko ndiko kwepesi kwake. Atatiwa kidole, jambo la dakika moja au mbili, na atatazamwa kwa kijibomba kifupi. Damu yake na choo chake vitapimwa. Ikibidi kutazama utumbo mpana mzima kwa mpira wenye kioo, Hospitali ya Rufaa ya Moi iko Eldoret, kiasi cha kilomita 70 kutoka Kitale. Asikubali kuchomwa sindano wala kupakwa dawa kali na mganga wa sokoni. Tumesikia watu waliounguzwa wakaziba njia kwa makovu.

Zikiwa ni bawasiri, nyingi hutulia kwa chakula: dona, wimbi, mboga, mapapai, na maji ya kutosha. Maharagwe na kabichi ni vyema kwa mwengine, lakini tumbo la kuchokozeka huweza kujaa riyahi kwavyo, basi aongeze kidogo kidogo. Maganda ya isabgol yauzwayo madukani husaidia, yakinywewa na maji mengi. Asikae chooni na simu mkononi. Zisipotulia, daktari huzifunga kwa kipira kidogo zikanyauka zenyewe. Na akienda, amweleze daktari damu ilianza lini, rangi yake, kama imechanganyika na choo au yadondoka baadaye, amepungua uzito kiasi gani, na nani katika jamaa zake aliyewahi kuugua. Na ile dawa ya mizizi aitaje pia.