Kuacha Pombe Ukiwa na Wenzio
Kijitabu cha kaya za Mbeya na Iringa

Kwenye nyanda zetu pombe haikai baa peke yake. Mvua zikikolea, mianzi ya Iringa hugemwa asubuhi na jioni. Ulanzi wa leo, mtogwa, ni mtamu hata mtoto huonjeshwa. Ukilala unakuwa mkangafu. Upande wa Mbeya kuna komoni na kimpumu, na gongo inayouzwa kwa kificho. Viroba vilipigwa marufuku Machi 2017, lakini pombe kali bado ipo kwenye chupa ndogo. Msibani inamiminwa, mahari ikipokelewa inamiminwa, shamba likimalizwa kulimwa inamiminwa. Ndiyo maana anayeamua kuacha hujikuta ameachana na rafiki zake wote kwa siku moja, na jioni ya tatu upweke unamrudisha kilabuni. Anahitaji watu wengine wa kukaa nao, na watu hao ndio kikundi.

Kabla ya kikao, hospitali

Kama ndugu yenu anakunywa kila siku, na asubuhi mikono inamtetemeka mpaka azimue, msimwambie aache ghafla leo hii. Mwili uliozoea pombe hulalamika ikikosekana: ndani ya saa 6 hadi 24 huja jasho, kutetemeka, kutapika na kukosa usingizi. Wengine hupata degedege ndani ya siku mbili za kwanza. Kati ya siku ya pili na ya nne baadhi huweweseka, huona wadudu au watu wasiokuwepo, na homa hupanda. Hali hiyo inaua. Msimfungie chumbani, wala msiseme ni mashetani. Mpelekeni hospitali, huko hupewa dawa za kutuliza kwa siku chache pamoja na vitamini B1, ambayo huulinda ubongo. Maombi yaendelee akiwa wodini.

Aliyekunywa gongo akalalamika kuwa macho yanaona ukungu asisubiri kulala ili pombe imtoke. Huenda ina methanoli, na kila saa inayopita inamwongezea hatari ya upofu au kifo.

Pa kuulizia

Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya ina huduma ya afya ya akili, na ulevi ni sehemu ya kazi yao. Hapo pia ipo kliniki ya methadoni. Watu huchanganya: methadoni ni ya waliozoea heroini, haitibu pombe. Iringa, anzieni Hospitali ya Rufaa ya Mkoa. Aliye kijijini aanze na zahanati yake amwombe mganga mfawidhi rufaa, au amwone afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Simu ya Wizara ya Afya, 199, hailipiwi.

Ulizeni waziwazi: “Kuna kikundi cha watu walioacha pombe? Kinakutana siku gani? Kama hakipo, yupo aliyeacha anayekubali kuzungumza nasi?” Swali la mwisho ndilo linalosahaulika, nalo huzaa matunda. Paroko, mchungaji au imamu huwajua watu kama hao mtaani, hata kama hospitali haina orodha yao.

Siku ya kwanza

Wengi hukwama mlangoni wakiogopa kuonekana. Ndani kwa kawaida ni viti vimezungushwa, chai, na mtu anayesema jina lake moja tu na siku ngapi hajanywa. Hakuna anayeandikwa kwenye daftari la polisi, na kinachosemwa hapo hakitoki. Mgeni halazimishwi kuongea. Anaweza kusikiliza tu na kwenda zake. Atashangaa kusikia mtu mzima, labda mwalimu au fundi wanayejuana naye, akieleza jinsi alivyokuwa akificha chupa kwenye gunia la mahindi.

Utaratibu huu ulianza Akron, Marekani, mwaka 1935, pale walevi wawili, mmoja wao daktari wa upasuaji, walipogundua kwamba wakizungumza wao kwa wao kiu inapungua. Leo Alcoholics Anonymous ina vikundi katika nchi nyingi, bila ada. Mapitio ya tafiti 27 yaliyotolewa mwaka 2020, yenye washiriki zaidi ya 10,000, yalionyesha kwamba matibabu yanayomwunganisha mtu na vikundi hivyo humsaidia zaidi kukaa bila pombe kuliko njia nyingine zilizolinganishwa. Kwetu jambo hili si geni. Vikundi vya WAVIU, yaani watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI, vimewashika watu wetu mkono kwa miaka mingi kwenye dawa, na njia ni hiyo hiyo.

Kikundi kisipokuwepo

Watu watatu wanatosha. Ombeni chumba cha zahanati au darasa la shule, wekeni siku moja isiyobadilika, na saa iwe ile ambayo vilabu huanza kujaa, maana hiyo ndiyo saa ngumu. Msianze na michango; fedha imevunja vikundi vingi kabla havijakomaa. Kila mmoja awe na namba ya simu ya mwenzake na ruhusa ya kupiga usiku.

Familia

Shemeji na wakwe, msimlazimishe kuonja kwenye sherehe “kwa heshima”. Mpeni soda au togwa isiyochacha, na mtu asiulize. Mama anayepika pombe ya kuuza ana mtihani mgumu, kwa kuwa ndiyo ada ya shule. Angalau mapipa yatoke ndani ya nyumba anayolala anayejaribu kuacha. Mke au mume naye atafute wa kuzungumza naye, kwani amebeba mengi.

Akirudia kunywa, msimtangaze. Mwulizeni alikunywa nini, wapi na akiwa na nani, kisha mumsindikize kwenye kikao kinachofuata. Kama alikunywa siku nyingi mfululizo, apitie kwanza kwa mganga.