Lenzi ya Sinema

Kama shule yako iko Katesh, simama darasani, mbali na dirisha linaloelekea Mlima Hanang. (Mwanafunzi wa Mbulu atumie kilima chochote cha mbali.) Shika lenzi ya kukuzia mbele ya karatasi nyeupe, uisogeze polepole. Usilitazame jua kwa lenzi! Unaona nini? Mlima umetokea kwenye karatasi, mdogo, kilele chini. Sogeza lenzi kidogo tu, nao unafifia.

Projekta ya filamu hufuata kanuni hiyo, ila picha yake hukuzwa. Filamu hupachikwa kichwa chini ili picha isimame wima kwenye pazia. Pazia likiletwa karibu, lenzi husogezwa mbali kidogo na filamu. Baadhi ya sinema za picha pana, tangu 1953, zilibanwa upana kwenye filamu. Lenzi ya ziada huzitanua mara mbili. Ikifungwa mshazari, hata mti ulionyooka huonekana umeinama.