Mlango Upi kwa Shida Ipi? Mkaaji wa Nyakasanza na Jimbo la Mpakani

Maji ya mvua ya Nyakasanza, komine ya mji wa Bunia katika jimbo la Ituri, huishia katika bahari ya Atlantiki. Hushuka hadi mto Shari, Shari huingia mto Ituri, na Ituri, ukiisha kuitwa Aruwimi, huungana na mto Kongo. Lakini mvua hiyohiyo ikinyesha kwenye miteremko inayotazama Ziwa Albert, maji huporomoka ziwani, huingia Nile na kwenda mpaka Misri. Bunia iko juu, kwenye mita 1,275 hivi. Ziwa liko chini, kwenye mita 620 hivi, na toka mji hadi ziwa ni mwendo wa kilomita kama 30 tu ukipima moja kwa moja.

Mgongo huo wa ardhi unaogawa maji ya Kongo na ya Nile uliwavutia sana wakoloni. Upande wa Aru, sehemu ya mpaka wa Kongo na Uganda inaufuata hadi leo. Kuanzia Mahagi mpaka unaingia ziwani, halafu unapanda mto Semliki kuelekea kusini. Waingereza na Wabelgiji waliukamilisha kwa mapatano ya 1910 na 1915. Boga, kusini mwa teritwari ya Irumu, inaonyesha jinsi kazi hiyo ilivyofanyika mezani. Apolo Kivebulaya, mwalimu wa dini kutoka Buganda, alifika huko mwaka 1896, Boga ikihesabiwa bado upande wa Waingereza. Alikufa hukohuko Boga mwaka 1933, lakini wakati huo ilikuwa Kongo ya Wabelgiji.

Jimbo na teritwari zake

Ituri imebadilishwa cheo mara nyingi. Ilikuwa jimbo dogo la Kibali-Ituri mwaka 1962 hadi 1966, kisha ikarudishwa kuwa distrikti ndani ya Jimbo la Mashariki. Mwaka 1999, chini ya jeshi la Uganda lililokuwa limeikalia, jina la Kibali-Ituri lilifufuliwa na gavana akateuliwa na jenerali wa jeshi hilo, jambo ambalo sheria ya Kongo haikulitambua. Katiba ya 2006 iliitaja Ituri kuwa jimbo kamili, na hilo likatimia mwaka 2015.

Teritwari ni tano: Aru, Mahagi, Djugu, Irumu na Mambasa. Mambasa pekee haigusi Uganda. Ndiyo nchi ya msitu na okapi, na inachukua zaidi ya nusu ya eneo la jimbo lote. Mji wa Bunia umezungukwa na Irumu, na Djugu iko karibu sana upande wa kaskazini. Ndiyo maana mtu anayetoka Nyakasanza kwenda shambani anaweza kuvuka kutoka uongozi mmoja hadi mwingine kabla jua halijawa kali.

Nani anaongoza nini

Hapa ndipo watu wengi wanapopotea, na si kosa lao, kwa sababu ngazi zenyewe hazifanani. Ndani ya mji kuna meya, chini yake komine tatu, Mbunya, Nyakasanza na Shari, na kila komine ina burugumesta wake. Komine inagawanyika kuwa kartie, na kartie kuwa aveni. Nje ya mji kuna administrata wa teritwari, kisha sekta au shefferi, kisha grupma, kisha kijiji. Tofauti ya sekta na shefferi ni hii: shefferi inaongozwa na shefu wa mila, anayetambuliwa na serikali; sekta inaunganisha jamii kadhaa chini ya kiongozi mmoja.

Sasa shika jambo moja ambalo hata baadhi ya watumishi wa serikali wanalichanganya. Teritwari ni mkono wa serikali tu. Haina baraza lake wala bajeti inayojiamulia yenyewe. Katiba, kifungu cha 3, inataja mji, komine, sekta na shefferi kuwa ndizo zenye haki ya kujiongoza. Kwa hiyo ukitaka kujua ushuru wa soko umefanya nini, au kwa nini mtaro wa aveni yenu haujazibuliwa, mlango wa kugonga ni wa komine. Shefu wa kartie anaweza kupeleka ujumbe, lakini kartie haina mfuko wake kisheria.

Kuhusu pesa, katiba inayapa majimbo asilimia 40 ya mapato ya taifa yanayokusanywa kwao, na sheria ya 2008 inazipa mji, komine, sekta na shefferi asilimia 40 ya fungu hilo. Kwa vitendo fungu hilo hufika pungufu na kwa kuchelewa. Raia anayelaumu komine yake ajue hilo, ila asiache kuuliza.

Kuanzia tarehe 6 Mei 2021, utawala wa kijeshi (etadesieje) uliweka wanajeshi na polisi katika viti vya gavana, meya na administrata. Watu walibadilika; ngazi zilibaki zilezile.

Mambo mawili yanayoleta watu ofisini zaidi ni mtoto na kiwanja. Mtoto aandikishwe komine, kwenye ofisi ya etasivili, kabla ya siku 90 kupita tangu azaliwe; ndani ya muda huo huduma ni bure. Akizaliwa kijijini, ataandikishwa kwenye sekta au shefferi ya huko. Kuhusu kiwanja, fishi iliyosainiwa na shefu wa kartie haikufanyi mwenye ardhi. Kwa sheria ya 1973 ardhi ni mali ya serikali, na haki yako juu yake inathibitishwa na sertifika ya uandikishaji inayotolewa na konsevateri wa hati za ardhi. Wengi wanaouziwa viwanja vilivyokwisha kuuzwa walishika fishi tu wakaridhika.

Ukienda mpakani

Barabara ya taifa namba 27 inatoka Komanda, inapita Bunia, inafika Mahagi hadi Goli. Ukivuka kuingia Uganda, saa yako sogeza mbele kwa saa moja, na kama unaendesha, hamia kushoto mwa barabara. Madereva wa lori hawahitaji kukumbushwa. Wa pikipiki, ndiyo.

Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, lakini usidhani vizuizi vimeondoka. Dekreti ya Machi 2002 inaruhusu huduma nne tu za serikali mpakani: uhamiaji (DGM), forodha (leo DGDA), ukaguzi wa bidhaa (OCC) na afya ya mipakani. Anayekudai pesa na hayumo katika hizo nne, muulize anatumwa na ofisi gani na kwa sheria ipi. Na hata aliyemo, asipokupa kitansi, usimlipe.