Akiba ya Nusu Kilo: Hesabu ya Kumfundisha Mtoto Kuogelea Chali

Mlaze mtoto chali majini, mshike kisogoni na kiunoni, kisha legeza mikono yako taratibu. Miguu ndiyo hutangulia kuzama. Kiuno hufuata, mgongo hupinda, na mtoto hujikuta amekaa badala ya kulala. Hapo wazazi wengi humwambia apige mikono. Ushauri huo huja mapema mno, na sababu yake inahesabika kwa kalamu na karatasi.

Archimedes wa Sirakusa, aliyeishi karne ya 3 KK, alituachia kanuni: kitu kilichomo majini husukumwa juu kwa kani iliyo sawa na uzito wa maji yaliyopisha nafasi yake. Lita moja ya maji yasiyo na chumvi ni kilo 1. Tumchukue basi mtoto wa kilo 20. Mifupa na misuli ni mizito kuliko maji, mafuta ni mepesi kidogo, nayo hewa ya mapafuni karibu haina uzito ila inachukua nafasi. Tuseme akivuta pumzi na kuibana, mwili wake unafikia ujazo wa lita 20 na nusu. Akizama wote, maji yanamsukuma kwa kilo 20 na nusu, na uzito wake unamvuta chini kwa kilo 20. Tofauti ni nusu kilo, na hiyo ndiyo akiba yake yote.

Nusu kilo inatosha kuacha nje ya maji nusu lita tu ya mwili: macho, pua, mdomo na kipande cha kifua. Kichwa kizima hakimo katika hesabu hiyo, maana cha mtoto wa miaka sita kina ujazo wa zaidi ya lita mbili. Anayekiinua ili atazame vidole vyake vya miguu anatumia asichokuwa nacho. Ndiyo maana somo la kwanza ni masikio kuingia majini. Mtoto hulikataa somo hili kwa sababu ya haki kabisa: sauti yako hupotea ghafla, naye hubaki akisikia pumzi zake mwenyewe. Mwambie kabla hajalala kwamba masikio yataziba, mkubaliane ishara ya mkono, kisha mlaze akitazama juu moja kwa moja.

Pumzi nayo ni sehemu ya akiba. Kila lita ya hewa inayotoka kifuani inaondoa kilo nzima ya msukumo. Mtoto anayepiga kelele kwa hofu anatoa hewa, anazama kidogo, anaogopa zaidi, anapiga kelele tena. Kumkaripia hapo ni kumzamisha. Mfundishe kuvuta pumzi haraka kwa mdomo na kuitoa polepole kwa pua, akiguna kidogo, kwa kuwa akilala chali matundu ya pua huelekea juu na maji hupenda kuingia.

Sasa turudi kwenye miguu. Uzito wa mwili wote tunaweza kuuhesabu kana kwamba umekusanyika katika nukta moja, karibu na nyonga. Msukumo wa maji nao una nukta yake, lakini hii iko juu zaidi, kuelekea kifuani, kwa sababu hewa iko huko. Kani moja inavuta chini upande wa nyonga, nyingine inasukuma juu upande wa kifua, na mwili unazunguka mpaka nukta hizo zisimame wima, moja juu ya nyingine. Ni mashua iliyorundikwa shehena yote tezini: omo huinuka hata bahari ikiwa shwari. Dawa ni kuhamisha shehena. Mikono miwili ni karibu sehemu moja ya kumi ya uzito wa mwili, kwa hiyo mtoto akiinyoosha nyuma ya kichwa, ikiwa bado ndani ya maji, nukta ya uzito inasogea kuelekea kifuani na miguu inapanda. Kwa macho ya mwalimu huu ni muda wa furaha kubwa, maana mtoto anauhisi mwili ukinyooka bila kusukumwa na mtu.

Bahari husaidia. Lita ya maji yake ina takriban kilo 1.025, hivyo lita zilezile 20 na nusu zinamsukuma mtoto kwa kilo 21. Akiba imekuwa maradufu, kutoka nusu kilo hadi kilo nzima. Mtoto anayeelea vizuri pwani ya Bagamoyo anaweza kushangaa akizama zaidi Ziwa Victoria, wala hajasahau chochote.

Na mikono je? Mkono mmoja wa mtoto huyu una karibu kilo 1. Ukiwa majini maji yanaubeba. Ukitoka juu, kilo hiyo yote inamlemea, na akiba ya bwawani ni nusu tu. Mdomo lazima uzame, isipokuwa miguu iwe tayari inafanya kazi. Kwa hiyo miguu kwanza, tena kwa muda mrefu: teke lianzie nyongani, goti lisitokeze juu ya maji, kifundo kilegee, na mgongo wa unyayo urushe maji juu na nyuma. Maji yakirushwa nyuma, mtoto huenda mbele. Teke likishika, ongeza mkono mmoja, upite juu haraka ukiwa umenyooka, kidole kidogo kikitangulia kuingia majini. Wakati huo mwenzake uwe chini ukisukuma. Mabega yabingirike, kwani bega halina nguvu ya kuvuta nyuma ya mgongo, kichwa kitulie.

Muda wote huo simama majini umbali wa kumfikia kwa mkono. Anayeogelea chali haoni aendako. Baharini aende sambamba na ufuo, wewe ukiwa upande wa kina. Kwenye mabwawa ya mashindano bendera hutundikwa mita 5 kabla ya ukuta. Mtoto akiziona juu yake ahesabu mikono hadi kugusa, na hesabu hiyo irudiwe kila anaporefuka.